Mama aliyezuia mtu wa tatu asishuke: uchambuzi wa kisa cha kisima na gesi ya mota

Kabla ya yote

Majina yote nimeyatoa, mtaa sitautaja na vitu vidogo vidogo vinavyoweza kumtambulisha mtu nimevibadilisha, wahusika wenyewe waliomba hivyo na familia ya marehemu pia. Mimi nafundisha huduma ya kwanza kwa vikundi, bodaboda, walinzi, mafundi ujenzi, na siku ya tukio sikuwepo. Niliitwa siku tatu baadaye na mwenyekiti wa mtaa, akaniambia mwalimu njoo uongee na watu wangu maana hawalali. Nikakaa na watu tisa, mmoja mmoja, wengine mara mbili, na wakanionyesha simu zao zile walizopiga saa ngapi na saa ngapi, ndo maana dakika ninazotaja hapa ziko karibu na ukweli ingawa mtu mwenye hofu hahesabu vizuri.

Naandika kwa sababu kila nikisimulia hiki kisa darasani watu wanataka kujua nani alikuwa shujaa na wote wanamtaja aliyeshuka. Mimi nawaomba mmwangalie zaidi mtu ambaye hakushuka kabisa.

Mahali, watu, na ile mota

Ni pembezoni mwa mji, Tanzania bara, mwezi wa kumi, jua kali na maji ya bomba yanatoka mara moja kwa wiki ukibahatika. Mwenye kiwanja anajenga, akaita mafundi wamchimbie kisima. Walikuwa wawili. Fundi, mwanaume wa miaka arobaini na kitu, amechimba visima tangu kijana. Na Saidia, dogo wa miaka 19, kazi yake kuvuta ndoo ya udongo juu. Siku hiyo walikuwa wamefika futi 38 na maji yameshaonekana lakini ya tope, na ukishapata maji huwezi kuendelea kuchimba mpaka uyatoe, yakitoka yanajaa tena, unayatoa tena.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri maana kifo kilianzia hapa kabla hata mtu hajashuka. Pale kiwanjani umeme bado, kwa hiyo walikodi mota ya petroli ya kuvutia maji. Mota ya aina hiyo ukiiweka juu ya ardhi haiwezi kunyonya maji kutoka futi 38, siyo kwamba ni mbovu, ndivyo maumbile yalivyo, hata ingekuwa mpya na ya bei mbaya ikizidi mita 7 au 8 inanyonya hewa tu. Kila fundi wa visima analijua hilo kwa mkono wake hata kama hajasoma. Basi wanachofanya wengi ni kupigilia mbao katikati ya kisima, kama kijukwaa, wanaishusha mota pale na kuiwashia hukohuko ndani. Wao waliiweka futi 20. Ikaunguruma, maji yakatoka, kazi ikaendelea vizuri kwa dakika kama 25. Na moshi wake wote ulikuwa unamwagika ndani ya shimo lenye upana wa mita moja na kidogo.

Upande wa pili wa barabara kuna kijiwe cha bodaboda, banda la fundi pancha mwenye kompresa, duka la vifaa vya ujenzi lenye mlinzi wa mchana, na mama mmoja wa makamo anayeuza mkaa. Hakuna kati yao aliyemjua Fundi. Walikuwa wamemwona tu siku tisa anapita kwenda kunywa uji, wakimsalimia naye anaitikia, basi.

Kilichotokea

Mota ilizima yenyewe. Saidia anakumbuka kabisa kwamba mafuta yalikuwepo nusu tangi. Fundi akasema plagi imelowa hiyo, akashuka kwa vile vishimo vya kukanyagia ukutani, akafika kwenye mbao, akahangaika na mota kama dakika moja, afu Saidia akasikia kishindo na maji kuruka. Akaita. Kimya. Akaita tena huku amelala kifudifudi mdomoni mwa kisima, akamwona Fundi amekaa chini kabisa ameegemea ukuta, maji yamemfika kifuani, kichwa kimeinama. Akapiga ukunga. Hiyo ndo naihesabu dakika ya sifuri.

Ndani ya dakika mbili watu kumi na zaidi walikuwa pale. Mwendesha boda mmoja, miaka 26, nitamwita Boda, alifika akiwa bado na helmeti kichwani, akaivua akampa mwenzake, akauliza "yuko hai?" na kabla hajajibiwa akaanza kushuka. Hana kamba. Alifika kwenye mbao, akageuza uso juu kana kwamba anataka kusema kitu, magoti yakalegea, akaanguka juu ya mota. Saidia anasema haikufika dakika moja tangu kichwa chake kipotee kwenye ukingo. Sasa shimo lina watu wawili.

Dakika ya tano mzee mmoja aliyekuwa anapita akitokea zahanati akasema kwa sauti ya mtu anayejua: leteni mshumaa, tupime hewa. Wakawasha mshumaa ndani ya ndoo wakaushusha. Haukuzima! Watu wakapiga kelele "hewa ipo! hewa ipo!", na konda mmoja wa daladala aliyekuwa amesimama pale akisubiri gari lake akaanza kuvua shati.

Hapo ndipo Mama Mkaa alipoingia. Alikuja anakimbia mikono myeusi, akapenya katikati ya watu, akapanda kwenye ile fremu ya mbao ya kuvutia ndoo na akakaa, yaani akakaa kabisa, miguu yake inaning'inia juu ya kisima. Akasema "hashuki mtu hapa." Konda akamwambia mama watu wanakufa. Akamjibu "nawaona mwanangu, na wewe nakuona." Wengine walimtukana, mmoja alimshika mkono amvute na yule mlinzi wa dukani akamzuia.

Yeye kabla ya kuuza mkaa aliishi miaka mingi kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo na mume wake. Kule mashimo wanayaita maduara, na wanajua mota ikiwashwa ndani ya duara haingii mtu mpaka hewa ipulizwe. Mdogo wake wa kiume alifia huko, na waliomfuata walifia palepale, wote ndugu wa damu. Alipoona bomba la mota linaingia kisimani hakuhitaji kuuliza.

Kilichofuata kilikuwa amri baada ya amri. Alimnyooshea mmoja kidole, "wewe mwenye shati la njano, piga 114, waambie kisima, gesi ya mota, watu wawili, nisikie unavyoongea." Hiyo ni dakika ya saba na ndiyo simu ya kwanza kwenda Zimamoto, dakika saba nzima na watu zaidi ya ishirini wenye simu, wanne kati yao wanarekodi. Akamtuma Saidia kwa fundi pancha aje na kompresa na mpira wowote mrefu. Akawaambia vijana wakate matawi ya mwarobaini yenye majani mengi, wayafunge kama fagio kubwa, wayashushe na kuyapandisha kwa kamba bila kupumzika, kama mtu anayetwanga, ili hewa ya chini ikorogeke na ya juu ishuke. Mlinzi akawa anasukuma watu nyuma maana ukingo ulishaanza kumeguka na udongo ulikuwa unawadondokea wale wa chini.

Kwa bahati Boda alikuwa kwenye mbao, siyo chini kabisa. Mtu akakimbilia nyumba ya jirani akaleta kulabu, ile ya kuopolea ndoo zilizozama kisimani. Mara ya kwanza ilishika reflekta ikachanika. Mara ya pili ikashika mkanda wa suruali, wa ngozi, ukahimili. Wanaume wanne wakamvuta, dakika ya kumi na mbili akawa juu. Anapumua lakini kwa kukoroma, hajitambui. Mlinzi aliwahi kupitishwa mafunzo ya huduma ya kwanza kazini kwake siku moja tu, akamlaza ubavu, akamfungulia mdomo. Dakika ya kumi na saba akaondoka kwa bajaji na wenzake wawili wa kijiweni.

Akabaki Fundi, na kwa Fundi kulabu haikufaa. Alikuwa chini ya mbao, amejibana pembeni, walijaribu mara tano au sita wakaogopa watamjeruhi au watamlaza uso kwenye maji. Hewa ya kompresa inapuliza, matawi yanatwanga, Zimamoto wako njiani lakini mbali. Konda akarudi kwa Mama safari hii kwa upole, akamwambia mama naomba. Walibishana kama dakika tano. Mwishoni Mama akakubali kwa masharti yake: kamba moja kifuani chini ya kwapa, imeshikwa na watu wawili, kamba ya pili ya akiba, mpira wa hewa aung'ang'anie mdomoni, na awe anahesabu kwa sauti muda wote bila kunyamaza, akinyamaza tu anavutwa, hata kama amemshika Fundi mkononi anavutwa. Dakika ya 24 akashuka. Alihesabu mpaka mia moja na kumi na kitu. Akampitishia Fundi kitanzi, akavutwa yeye kwanza, afu Fundi. Dakika ya 28 Fundi alikuwa juu, hapumui.

Mlinzi akaanza kumkandamiza kifua, wakapokezana watu watatu. Pikapu ya saruji ikapita, ikasimamishwa, wakampandisha nyuma wakaendelea kukandamiza njia nzima. Zimamoto walifika dakika ya 52 na mitungi yao ya hewa mgongoni na maski, wakaitoa mota, wakafunga eneo.

Kwa nini kila mmoja aliamua alivyoamua

Sipendi uchambuzi wa kumlaumu mtu aliyekwenda kuokoa, kwa hiyo niliwauliza wote swali moja, ulikuwa unaona nini wakati ule. Boda alisema aliona mtu amekaa. Hivyo tu. Mtu aliyekaa anaonekana kama anaweza kunyanyuliwa, angekuwa amelala chini pengine angesita. Hakusikia harufu ya kutisha zaidi ya moshi wa kawaida wa petroli ambao yeye anaunusa kutwa nzima kazini, kwa hiyo pua yake haikumpa onyo lolote.

Mzee wa mshumaa alikuwa anafanya alichofundishwa na baba yake, na siyo upuuzi. Mshumaa unazima oksijeni ikipungua sana, kutoka ile asilimia 21 ya kawaida mpaka kama 16 hivi. Kwa kisima cha zamani kilichofunikwa muda mrefu, kipimo hicho kimeokoa watu wengi. Tatizo ni kwamba moshi wa mota unaua kwa njia nyingine, nitaeleza.

Konda mara ya kwanza alivua shati kwa sababu ya zile kelele za "hewa ipo". Mara ya pili aliniambia alikuwa anaogopa mpaka anatetemeka, lakini alishamwona Boda anatoka hai na akaona haiwezekani huyu mwingine aachwe tu kwa sababu hana watu wa kwao pale. Maneno yake hayo, nimeyaandika kama alivyosema.

Na Mama? Nilimuuliza kwa nini alikaa juu ya kisima badala ya kuwaelezea. Akasema "ningeanza kueleza wangeshuka huku naeleza."

Matokeo

Fundi alitamkwa amefariki hospitali. Alikuwa amekaa kwenye ile hewa nusu saa.

Boda alipona, ila haikuwa rahisi na hapa kuna kosa moja la kujifunza. Wenzake walipofika naye hospitali walisema "ameanguka kisimani", wakaombwa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, mmoja akakimbia polisi, huku daktari na manesi wakianza kumhudumia kama mtu aliyeanguka, shingo, kichwa, mbavu. Kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni kwenye damu, kikasoma asilimia 98, kwa hiyo oksijeni ikaonekana haina haraka. Karibu saa nzima ikapita, mpaka Mama Mkaa alipompigia mmoja wa wale vijana kumuuliza hali, akasema "mmewaambia ni gesi ya mota?" Hawakuwa wamesema. Waliposema, daktari akabadilika papo hapo, maski ya oksijeni ikawekwa na haikutolewa mpaka kesho yake. Aliruhusiwa siku ya nne. Wiki kadhaa baadaye bado kichwa kilikuwa kinamuuma na anasahau abiria kamwambia ampeleke wapi, akaacha kuendesha kwa miezi miwili. Sasa hivi yuko kazini.

Konda alitapika na kuumwa kichwa siku moja. Alikataa kwenda hospitali, na walimwachia akakataa, hilo nalo halikuwa sawa.

Uchambuzi: gesi yenyewe

Moshi wa injini ya petroli una kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu yake, haiwashi macho. Watu wengi wanaamini ni nzito inakaa chini, hapana, ni nyepesi kidogo kuliko hewa, ila kisimani hakuna upepo wa kuiondoa kwa hiyo inajaa tu na kutulia juu mpaka chini. Ikiingia kwenye mapafu inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikana, yaani oksijeni ipo palepale puani lakini kiti chake kwenye damu kimeshakaliwa. Ikifika kama asilimia moja tu ya hewa, pumzi chache zinamlaza mtu, na mshumaa hautatikisika kwa asilimia moja. Tena ule mshumaa wao haukufika hata kwenye mbao, kamba ya ndoo ile ilikuwa fupi. Kwa hiyo ulipima hewa ya futi kumi na tano na majibu yake watu wakayatumia kwa futi 38.

Dalili halisi ilikuwepo lakini haikusomwa. Mota yenye mafuta ikizima yenyewe ndani ya shimo, maana yake hata injini imekosa hewa ya kuchomea. Fundi aliisoma kama plagi. Miaka yake yote ya kazi ilikuwa inamwambia plagi, na mara nyingi huko nyuma ilikuwa kweli plagi.

Na kile kifaa cha kidoleni, manesi na madaktari wanalijua hili lakini kwenye presha linasahaulika kama hawajaambiwa kilichotokea: kinasoma damu imebeba kitu, hakitofautishi kama ni oksijeni au kaboni monoksaidi. Mtu anaweza kuwa amejaa sumu na kikasoma 98. Akiachwa na hewa ya kawaida inachukua saa nne mpaka tano nusu tu ya hiyo sumu kutoka, akiwekewa oksijeni ya maski inashuka mpaka saa moja, moja na nusu. Kwa hiyo neno "gesi ya mota" lililosemwa kwenye simu lilikuwa ni dawa kabisa. Anayempeleka mgonjwa aende na habari kamili, tena ni bora aende aliyeona tukio kuliko aende mwenye pikipiki yenye kasi.

Uchambuzi: watu

Kilichofanya kazi kwanza ni kwamba wageni walikuja. Nasema hivi kwa sababu kuna maneno mengi siku hizi kwamba watu hawasaidiani, wanarekodi tu. Walikuwepo waliorekodi, ndiyo, wanne, lakini zaidi ya kumi na tano walifanya kazi mpaka mikono ikachubuka kwa ajili ya mtu ambaye hawakujua anaitwa nani. Huo moyo tunao. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 wavuvi ndio waliotangulia kufika na mitumbwi yao, na kati ya watu 43 waliokuwemo 24 walitoka hai. Lakini angalia vizuri, wale wavuvi walikwenda kwenye kitu wanachokijua, maji ni ofisi yao. Boda alikwenda kwenye kitu asichokijua akiwa na moyo uleule. Tofauti ndiyo hiyo na ni kubwa sana.

Mwaka 1986 taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilitoa tahadhari kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa kwenye sehemu finyu kama matangi, mashimo na makaro walikuwa waokoaji waliowafuata wenzao. Zaidi ya nusu! Nikisoma hiyo namba darasani huwa kimya kinaingia, na karibu kila darasa kuna mtu ananyoosha mkono anasema kijijini kwetu walikufa watatu, au wanne, choo kimoja.

Ndo maana nasema Mama Mkaa aliokoa watu wawili na sio mmoja. Alimwokoa Boda kwa akili yake ya hewa na kulabu, na alimwokoa Konda kwa makalio yake juu ya ile fremu, sioni namna nyingine ya kulisema. Huyu wa pili haonekani kwa sababu hakuwahi kuanguka. Hakuna aliyemkumbatia Mama siku ile kwa ajili ya Konda kutokufa. Walimtukana.

Jambo la pili lililofanya kazi ni kidole. "Wewe mwenye shati la njano." Kila mmoja pale alidhani mwenzake ameshapiga simu. Ukisema "mtu apige simu" hakuna mtu anayeitwa mtu. Jambo la tatu ni kutumia vitu vilivyopo, kompresa ya pancha, mwarobaini, kulabu ya ndoo. Kompresa ile peke yake hewa yake ni ndogo isingesafisha kisima kizima, ilisaidia kwa sababu ncha ya mpira iliwekwa karibu na uso wa mtu, na injini ya kompresa yenyewe iliachwa bandani kwao mbali na mdomo wa kisima. Wangeisogeza karibu wangekuwa wanapuliza moshi mpya chini.

Sasa yaliyoshindikana. Kamba. Kamba ya ndoo ilikuwa imelala chini hatua tatu kutoka pale Boda alipovulia helmeti. Angejifunga, alipolegea tu wangemvuta na leo nisingekuwa na kisa cha kuandika kuhusu yeye. Nilipomwonyesha mahali ilipokuwa aliitazama muda mrefu. Hakuiona. Watu kumi hawakuiona. Hofu inafanya macho yawe kama tochi, yanamulika pale chini kwa mhanga tu na pembeni kote giza.

Dakika saba bila simu, nimeshasema. Na kwenye kukandamiza kifua, walikwenda taratibu mno kwa maelezo yao, na hawakumpulizia pumzi hata moja. Kasi inatakiwa iwe mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kifua kibonyee kama sentimita 5, na kwa mtu aliyekosa hewa pumzi za mdomo zina umuhimu wake, mbili kila baada ya mikandamizo 30, kwa anayejua. Siwezi kusema ingembadilishia Fundi chochote baada ya nusu saa, na familia yake niliwaambia hivyohivyo.

Na kushuka kwa Konda. Hapa mimi na wenzangu tunaofundisha hatukubaliani na sitajifanya tunakubaliana. Mwenzangu mmoja anasema ilikuwa sahihi, hewa ilishapulizwa dakika kumi na tano, kamba mbili, anahesabu. Mimi naona ilikuwa ni kamari iliyolipa. Hakukuwa na kipimo chochote cha kujua hewa ya futi 38 imekuwaje, kuhesabu kwa sauti kunaonyesha umeshalewa gesi, hakukuzuii usilewe, na mpira wa pancha mdomoni siyo maski. Kitanzi kingekwama kwenye mbao wakati wanamvuta, tungemzika. Jibu nililonalo darasani ni kwamba bila mitungi ya hewa na watu wanaoijua hashuki mtu, endelea kupuliza hewa, endelea na kulabu, subiri 114. Lakini nikiwa peke yangu nafikiria dakika 52 za kusubiri huku mtu unamwona kwa macho amekaa pale, naelewa kwa nini Mama aliachia.

Mbali na hao wote kuna kosa ambalo halikuwa la mtu yeyote aliyekimbilia pale. Mota haishuki kisimani. Kuna pampu za umeme za kuzamisha zinakodishwa, na kama umeme hakuna jenereta linakaa juu, mbali, upande upepo unakoelekea, ni waya tu unaoshuka. Inaongeza gharama kidogo. Mwenye kiwanja aliniambia hakuna aliyemwambia, na namwamini, lakini sasa mmeambiwa.

Baada ya hapo

Kisima kilifunikwa kwa zege na hakikumaliziwa. Kijiwe cha boda walichanga, siku ya arobaini ya Fundi wakaenda kwao wakiwa kumi na mmoja, Boda akapakiwa nyuma maana alikuwa bado haendeshi. Huko ndiko alikosikia kwa mara ya kwanza jina la mtu aliyemshukia.

Mama Mkaa hakwenda. Nilirudi kumwona mara ya pili na nikadhani nitamkuta ameinuka kidogo moyoni kwa sababu mtaa mzima sasa unamwamkia kwa heshima. Alinipa kigoda nikakaa. Akasema ukunga wa Saidia aliusikia tangu wa kwanza kabisa, ila alikuwa anampimia mteja kopo la mkaa na mteja alikuwa ametoa noti ya elfu kumi, akawa anatafuta chenji. Alipomaliza ndo akakimbia. "Ningeacha chenji," akaniambia, "yule kijana asingeshuka, na Fundi tungempulizia hewa mapema." Nikamhesabia dakika zote kama nilivyowahesabia nyinyi hapa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "na hiyo ya chenji umeihesabu wapi?"